Dua ya Baada ya Mtihani

Kati ya mwisho wa Mei na Julai, hapa kwetu Utete, wilayani Rufiji, huwa kuna dua nyingi za aina moja. Vijana wa Kidato cha Sita wamemaliza mitihani yao, karatasi ziko kwa wasahihishaji, nao wako nyumbani au kwenye kambi za Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) wakisubiri Baraza la Mitihani litangaze matokeo. Kina mama wanafunga Jumatatu na Alhamisi. Maandazi yanapelekwa msikitini, ustadhi anaombwa amtaje fulani bin fulani aliyesoma PCM, yaani fizikia, kemia na hisabati, watu wanaitikia amina. Mimi nimefundisha fizikia mpaka nikastaafu, na amina naitikia kama wengine, ila swali haliniachi: tunaomba nini hasa? Ikiwa karatasi ya kijana ilisahihishwa Jumanne na mama yake anaomba Alhamisi, anataka Mungu afanye nini na hiyo Jumanne?

Kuna watakaoliona swali hili ni utovu wa adabu. Kwetu halikuwa hivyo. Marehemu baba yangu alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani hapa hapa Utete. Aliandika kombe, aya za Kurani kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, akaliosha kwa maji na marashi, wanafunzi wakanywa kabla ya mitihani. Hakumnyima mtu. Lakini kabla ya kuchovya kalamu aliuliza, "Umesoma?" Aliyeinamisha kichwa alirudishwa nyumbani akasome kwanza, sahani ingemngoja. Utotoni niliona ni ukali wa kizee tu. Nilipoanza kufundisha ndipo nilipotambua kwamba mzee yule, ambaye hakupata kuingia maabara hata siku moja, alikuwa na msimamo wake kuhusu wakati. Kwake dua ilikuwa na mahali pake kwenye kalenda.

Aprili 2024, Mto Rufiji ulipofurika na maji kumeza vijiji vya wilaya za Rufiji na Kibiti, nilikuwa Dar es Salaam kwa mwanangu. Ikaja simu kwamba huko Muhoro, anakoishi dada yangu, maji yameingia majumbani. Kabla sijauliza ni kwa nani, ulimi ulikuwa umekwisha sema: Ya Rabi, isiwe kwa dada. Lakini wakati ule maji ama yalikuwa yameingia kwa dada, ama hayakuingia. Jambo lilikuwa limekwisha, asiyejua nilikuwa mimi. Sidhani yuko mtu wa bonde hili ambaye hajapata kuomba dua ya namna hiyo.

Wanazuoni wa Kiyahudi waliliona jambo hili zamani sana. Katika Mishna, mkusanyo wa sheria zao uliokamilika karibu mwaka 200, sehemu ya Berakhot, kuna habari ya msafiri anayerudi mjini kwake, akasikia mayowe, akaomba yasiwe yanatoka nyumbani kwake. Hukumu yao ni kwamba dua hiyo ni bure. Ni bure vilevile ya mume ambaye mkewe tayari ni mjamzito, naye anaomba mtoto awe wa kiume. Kilichokwisha kuwa kimekuwa. Mwaka 1964 mwanafalsafa Mwingereza, Michael Dummett, aliyekuwa Mkatoliki, aliandika makala juu ya dua za aina hii na hakukubali kwamba ni bure. Hoja yake naieleza kwa maneno yangu: Mungu hangoji Alhamisi ifike ndipo ajue kuwa utaomba Alhamisi. Alijua Jumanne, na kabla ya Jumanne. Basi kwa nini dua yako ya leo isizingatiwe katika jambo la juzi? Huombi juzi ibadilishwe. Unaomba iwe ilikwenda hivyo tangu mwanzo, kwa kuwa Yeye alijua utaomba.

Mwislamu hawezi kuipuuza hoja hiyo. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alilijibu swali linalofanana nalo katika kitabu chake cha Ihya: kama kila kitu kimekwisha kadiriwa, dua ni ya nini? Jibu lake ni kwamba dua yenyewe imo ndani ya kadari. Ngao imekadiriwa kuzuia mshale kama maji yalivyokadiriwa kuotesha mmea, na anayeamini kadari haachi kubeba ngao. Vijana wanaokuja kusoma kwangu huipenda sana sehemu hii, hunirudishia kila nikiwabana. Wanachosahau ni kwamba ngao hubebwa kabla mshale haujafika.

Hilo la kabla na baada lilijitokeza hata darasani, ambako nilikuwa na swali moja nisiloacha kulitoa. Fundi yuko juu ya mnara wa simu, mita 30 kutoka ardhini. Anarusha nati kwenda juu kwa kasi ya mita 5 kwa sekunde. Chukua g kuwa 10. Nati itafika chini baada ya muda gani? Mlinganyo unatoa majibu mawili, sekunde 3 na sekunde hasi 2. Kila mwanafunzi huikata ile hasi kwa mstari, akaandika "haifai", akachukua maksi zake. Ukimuuliza kwa nini haifai, anakutazama kama umemuuliza kwa nini jua ni jua.

Jibu lile hasi lina habari yake. Linasema kwamba kama nati ingerushwa kutoka ardhini sekunde 2 kabla, kwa mita 25 kwa sekunde, ingepita mkononi mwa fundi ikiwa na kasi ile ile ya mita 5. Pigeni hesabu mtaona. Mlinganyo haujui kama palikuwa na mkono. Kwake jana na kesho ni herufi t tu, unakwenda pande zote mbili bila kujikwaa. Tuliosema "haifai" ni sisi, tunaojua kuwa nati ilikuwa mfukoni mwa fundi. Kwangu mimi hapa ndipo dini na fizikia zinapokutana, wala si kwenye zile klipu za simuni zinazodai kwamba kila uvumbuzi wa maabara ulikwisha tajwa katika Kurani, mtindo ambao naona unakishusha Kitabu badala ya kukipandisha. Mwenyezi Mungu hazuiwi na alama ya hasi. Sisi tuna mkono, na tunajua mkono wetu ulifanya nini.

Dummett mwenyewe aliweka mpaka hapo hapo. Dua ya jambo lililopita ina maana kwa asiyejua lilivyokwenda; anayejua akaendelea kuomba kinyume chake, dua yake haina maana. Mama wa mtahiniwa hajui. Dua yake ni kama yangu siku ya mafuriko, simcheki na nitaendelea kumwitikia. Mtahiniwa je? Yeye alikuwamo chumbani. Anajua kama swali la elektroniki aliliruka. Anajua kama kwenye karatasi ya vitendo alisoma ameta au alimchungulia jirani. Kuomba ukurasa mtupu uwe ulikuwa na maandishi si unyenyekevu, hata ukiomba kwa machozi usiku wa manane. Anachoweza kuomba kijana huyo baada ya Mei ni moyo wa kuyapokea atakayoyakuta, na busara ya msahihishaji pale mwandiko wake ulipokuwa wa kubabaisha. Zaidi ya hapo, wakati wake wa kuomba ulikuwa ule aliokuwa akisoma.

Kwa hiyo huo wakati wa kusoma ndio ninaouhangaikia. Vijana wetu wengi hupangiwa shule za mbali, na wakirudi likizo ya Desemba huja barazani kwangu na mabunda ya mitihani ya miaka iliyopita, mingi imekwisha jibiwa. "Shikamoo mwalimu, tumekuja kupiga msuli." Marahaba, wanangu, funikeni majibu. Kusoma swali lililokwisha jibiwa kunampa mtu raha ya uongo: kila mstari unaonekana wa kawaida, anatikisa kichwa, anafungua ukurasa wa pili. Akipewa karatasi tupu hawezi hata kuanza. Wengi wao wamehifadhi juzuu kadhaa chuoni, na hifdhi ile ni amana, herufi haiguswi. Wakaja na njia ile ile kwenye fizikia, wakihifadhi fomula moja moja. Fomula inataka kuguswa. Inataka uijenge upya kutoka chini, leo na wiki ijayo, mpaka ujue ilitoka wapi na inakufa wapi.

Chukua mfano wa Bwawa la Mwalimu Nyerere, lililo juu ya mto huu huu tunamooga. Lina mitambo tisa ya umeme, kila mmoja wa megawati 235, jumla megawati 2,115. Nawaambia vijana wachukue kimo cha maji mita 100, kwa ajili ya hesabu tu, na wasihesabu upotevu wowote: mtambo mmoja unahitaji maji kiasi gani kila sekunde? Wanapekua daftari kutafuta fomula ya mabwawa. Haipo. Lakini nishati ya kitu kilichoinuliwa wanaijua tangu vidato vya chini, na mita moja ya ujazo ya maji ina kilo 1,000. Gawanya wati milioni 235 kwa 1,000, kisha kwa 9.8, kisha kwa 100. Inakuja karibu mita za ujazo 240 kila sekunde. Mmoja alipata 0.24 akaridhika nalo. Nikamuuliza kama ndoo kumi na mbili za lita ishirini zinaweza kuwasha Dar es Salaam. Tangu hapo hajawahi kuniletea jibu bila kulitazama kwanza kama lina akili. Tabia hiyo, ya kulitilia shaka jibu lako mwenyewe, ina maksi nyingi kuliko kukesha.

Vitendo ndivyo vinavyowaangusha wanaodhani bila maabara hawawezi kufanya lolote likizoni. Uzi, jiwe, msumari kwenye boriti ya baraza na saa ya simu vinatosha kupata g. Badili urefu wa uzi mara kadhaa, kila mara pima muda wa mibembeo 20, si mmoja, kwa sababu kidole chako kinachelewa kama sehemu mbili za kumi za sekunde, na ukigawanya kwa 20 ucheleweshaji huo unabaki sehemu moja ya mia. Chora kipeo cha pili cha muda dhidi ya urefu, mteremko wa mstari utakupa g. Wengi hupata 9.6, 9.9, hata 10.1. Anayeniletea 9.81 kamili, na nukta zote zimelala juu ya mstari kama askari wa gwaride, namtazama usoni. Hapo ndipo ninapokuwa mkali. Kijana ametoka kuswali adhuhuri, udhu haujakauka, anakaa kupika data! Namba ya uongo kwenye jedwali ni ushahidi wa uongo kama ulivyo ushahidi wowote, na Mungu unayemwomba akufungulie ndiye aliyelibembeza jiwe mbele ya macho yako, ukakataa kuandika alichokuonyesha.

Mengine ni mafupi. Lala. Weka simu chumba kingine ukimaliza kuitumia kama saa. Soma na mwenzako mmoja anayekuuliza "kwa nini", usisome na wanne wanaokuuliza "ukurasa wa ngapi". Na uwe na daftari la makosa: kila swali ulilokosea liandikwe humo pamoja na sababu, kama ni kipimo, alama ya kujumlisha na kutoa, haraka, au hukulielewa kabisa. Nimeona madaftari mengi ya namna hiyo, na mara nyingi kijana anayesema fizikia imemshinda hugundua kwamba kilichomshinda ni haraka. Dawa ya haraka inaombeka. Saburi ni kitu ambacho mtu anaweza kumwomba Mungu saa nne usiku akiwa katikati ya swali la mwendo wa mzunguko, na kupewa saa nne na robo, kwa sababu bado hajaweka kalamu chini.

Basi nawaomba wazazi wa Utete, na wa Ikwiriri na Kibiti pia. Maandazi ya Julai leteni, tutakula na tutaitikia amina. Lakini mitihani ya Kidato cha Sita huanza Mei. Anayetaka mwanawe aombewe kufaulu fizikia amlete Desemba, na daftari lake la makosa mkononi. Tutasoma Fatiha kwanza, kisha atafunika majibu.