Kompyuta Umeiunda Mwenyewe, Draiva Zisikutishe

Prosesa umeiketisha mahali pake bila kupinda hata pini moja. RAM umeikandamiza mpaka ikalia "tak". Umebonyeza kitufe, feni zikazunguka, ukasakinisha Windows. Sasa maandishi kwenye skrini ni makubwa ajabu, sauti hakuna, Wi-Fi haionekani, na mkono tayari unatafuta namba ya fundi. Acha! Simu utaihitaji, ila si kwa kumpigia mtu.

Mashine yako ni nzima. Inachokosa ni draiva, yaani programu zinazoiwezesha Windows kukitumia kila kifaa ulichokifunga. Kadi ya grafiki ikikosa draiva yake, Windows huiendesha kwa draiva ya jumla: picha unaiona, lakini nguvu uliyoilipia imelala.

Kinachowakatisha wengi tamaa ni kwamba draiva ziko kwenye intaneti, na intaneti haiji bila draiva. Basi chomeka simu yako ya Android kwa waya wa USB, kisha washa kwenye simu kushiriki intaneti kwa USB. Njia hiyo Windows inaijua tangu inaposakinishwa, nawe umeshaingia mtandaoni. Chunga bando tu, maana draiva ya Nvidia peke yake hupita MB 500.

Iache Windows Update ifanye kazi yake kwanza, itakupunguzia mengi. Kisha nenda kwenye tovuti ya mtengenezaji wa madabodi. Modeli imechapwa kwenye ubao wenyewe. Ukiandika msinfo32 pale pa kutafutia utaiona bila kufungua kasha. Itafute kwa jina lake zima, kwa sababu herufi moja ya mwisho huweza kumaanisha ubao wenye chipu nyingine ya Wi-Fi. Anza na chipseti, ufuatie mtandao na sauti. Draiva ya grafiki ichukue kwa Nvidia, AMD au Intel wenyewe.

Bado kuna alama ya njano ndani ya Device Manager? Hapo ndipo penye utamu. Bofya kifaa hicho mara mbili, mara nyingi utakuta Code 28, maana yake draiva haijawekwa. Ingia Details, chagua Hardware Ids. Kwa vifaa vingi utaona VEN_ ikifuatiwa na alama nne, herufi au tarakimu: 10EC ni Realtek, 10DE ni Nvidia, 1002 ni AMD. Intel ni 8086, namba ya prosesa yake ya mwaka 1978 (wahandisi nao wana utani wao). Kifaa ulichodhani hakijulikani kimekutajia jina na ukoo wake! Nani tena atakwambia huwezi?

Zile programu zinazojinadi kukutafutia draiva zote kwa kubofya mara moja, achana nazo. Nyingi hukudai pesa kwa kitu kinachotolewa bure, na nyingine huingia na takataka ambazo utahangaika kuziondoa.

Aliyefunga feni ya prosesa kwa mkono wake hashindwi na faili la kubofya. Usingoje wikendi wala mtoto wa jirani anayejua kompyuta. Chomeka simu sasa hivi, ufungue tovuti, uanze na chipseti.