Anza na Hilo Karai

Mwaga hayo mafuta. Ndiyo, hayo meusi yaliyobaki karaini tangu maandazi ya Jumamosi, uliyoyafunika kwa sahani ukisema bado yanafaa. Hayafai. Na kama una miaka 40 au 50, maneno haya ni yako kuliko ya mama yako aliyeanza kukuita kwa jina la kaka yako.

Tumezoea kusema mzee amerudia utoto, au kunong'ona kwamba kuna mkono wa mtu. Watafiti waliopima wazee wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, walikuta kwamba kati ya kila watu 100 wenye miaka 70 na kuendelea, kama 6 wana demensia. Huo ni ugonjwa wa ubongo, unaokula kumbukumbu na maamuzi polepole. Ugonjwa una milango yake, na mmoja uko jikoni kwako.

Ukiukausha ubongo maji yote, zaidi ya nusu ya kinachobaki ni mafuta. Humo yamo mafuta ya omega-3 yaitwayo DHA, yanayojenga kuta za seli za neva, hasa pale zinapopokezana habari. Mwili hutengeneza DHA kidogo mno kutokana na mafuta ya mimea. Iliyosalia sharti uile, na mchukuzi wake mkuu ni samaki.

Mwaka 2003, Martha Clare Morris na wenzake walitoa matokeo ya wazee 815 wa Chicago, wenye miaka 65 hadi 94, waliofuatiliwa kwa karibu miaka minne. Waliopata ugonjwa wa Alzheimer walikuwa 131. Waliokula samaki angalau mara moja kwa wiki walikuwa na hatari pungufu kwa asilimia 60 kuliko wasiokula au waliokula kwa nadra. Mara moja tu kwa wiki! Wazee haohao walionyesha na upande wa pili: waliozidisha mafuta ya aina inayoganda, kama ya nyama nono na siagi, hatari yao ilikuwa zaidi ya maradufu ukilinganisha na waliokula kidogo kabisa. Huko Hisayama, Japani, watafiti walipima damu ya watu zaidi ya 1,600. Waliokuwa na kiwango kikubwa cha mafuta ya transi, yale yanayopatikana kiwanda kinapogandisha mafuta ya mimea, walipata demensia zaidi katika miaka kumi iliyofuata.

Kufuatilia watu si sawa na kuwafanyia jaribio. Mla samaki huenda pia anatembea sana na havuti sigara. Wala usikimbilie duka la dawa kununua vidonge. Wagonjwa 402 wa Alzheimer nchini Marekani walishirikishwa katika jaribio la vidonge vya DHA kwa miezi 18, na ugonjwa haukupunguza mwendo. Mimi nasoma hapo jambo moja: moto ukishashika paa, ndoo ya maji haitoshi. Ndiyo maana nakusumbua wewe, si mama.

Sasa tuje penye kidonda chetu. Utafiti mwingine wa wazee wa Marekani uliwatenganisha samaki kwa mapishi. Wenye mafuta mengi wa kuchoma au kuoka walionekana kusaidia, wa kukaanga hawakuonyesha faida. Nasi je? Sato tunamkaanga hadi akauke kama ubao, dagaa tunawazamisha katika mafuta yaliyokwisha kukaanga chipsi za mtaa mzima! Mchemsho upo. Chukuchuku ipo. Kuna samaki wa kuoka juu ya makaa, kuna dagaa wabichi wa nyanya na kitunguu. Bibi zetu hawakuhitaji lita tano za mafuta kwa mwezi.

Na hapa, angalau safari hii, mwenye mfuko mwepesi hajaonewa. Kibua na dagaa, wanaodharauliwa mezani pa wageni, wana omega-3 nyingi kuliko sato wa bei mbaya.

Utaniuliza nazi. Mafuta yake mengi ni ya aina inayoganda, lakini sina ubavu wa kumwambia mtu wa Tanga aiache. Tui jepesi, na lisiwe kila siku, tuelewane hapo. Nisichokuonea huruma ni kopo la mafuta ya mgando. Soma kibandiko chake, na ukikuta yametiwa haidrojeni, lirudishe rafuni. Shirika la Afya Duniani linataka mafuta ya transi yasifikie hata asilimia 1 ya nguvu tunayopata kwenye chakula.

Kwa hiyo Jumamosi hii damka, ufike sokoni jua halijapanda. Chagua kibua mwenye jicho angavu na mashavu mekundu kwa ndani. Mchemshe kwa ndimu, nyanya na bizari. Bakuli la kwanza mpelekee mama, hata akikuita kwa jina la kaka yako itika. Kisha vuta mkeka, ule lako.