Makorokoro na Amana

Sufuria lilikuwa limeegemezwa ukutani uani, nyuma ya pipa la maji, jeusi kwa masizi, limebonyea upande mmoja, mkono wake mmoja umekatika siku nyingi. Tangu nirudi kuishi hapa Ngamiani, Tanga, sikuwahi kuliona likipikiwa chochote. Kazi yake niliyoijua mimi ilikuwa kukusanya majani ya mwembe na kufuga mbu. Basi Jumamosi ile alipopita mnunuzi wa vyuma chakavu na mkokoteni wake, nilimwita. Alilitundika kwenye mzani wa ndoano, akataja bei, nikapokea hela, nikarudi kufagia. Nilijisikia mwepesi kama mtu aliyetoka kunyolewa.

Nilikuwa na sababu zangu. Mwezi ule nilikuwa natimiza miaka 25, na nilijiapiza kwamba umri huo hautanikuta nikiwa mtu yule yule. Cheti cha chuo kinalala kwenye bahasha mwaka wa pili sasa, barua za maombi ya kazi hazijibiwi, na mimi, mtoto wa kwanza, ndiye niliyeachiwa nyumba: bibi mwenye presha, wadogo zangu wawili wa kiume wanaosoma sekondari, na mama aliyehamishiwa kikazi wilaya nyingine, tunayemwona mwisho wa mwezi. Siku yangu huanza saa kumi na moja alfajiri kwa kupepea jiko la mkaa. Uji, sare, dawa ya bibi, vyombo. Kisha foleni ya madumu ikiwa maji yamekatwa, sokoni, kuchambua mchele, kukuna nazi, vyombo tena. Kati ya vyombo vya kwanza na vyombo vya pili ndipo nilipopanga kuwa mtu mpya. Mtaniwia radhi, nafasi niliyokuwa nayo ni hiyo.

Wazo kwamba upya huanza kwa kutupa halikuzaliwa jana. Wagiriki wanasimulia habari za Diogenes, mwanafalsafa aliyelala ndani ya mtungi mkubwa, ambaye siku moja alimwona mtoto akinywa maji kwa viganja, akaona haya, akakitupa kikombe chake. Kisa kinapendeza. Ila kila nikikisoma najiuliza Diogenes alikuwa anampikia nani. Mtu asiye na mlo wa kumwandalia mwingine anaweza kutupa hata sahani. Hekima yake naiheshimu, lakini ni hekima ya mtu ambaye jioni hakuna anayemsubiri.

Wa siku hizi ni Marie Kondo wa Japani, ambaye kitabu chake cha kupanga nyumba kilipotoka kwa Kiingereza mwaka 2014 kilienea duniani kote. Anakufundisha ushike kila kitu mkononi, ujiulize kama kinakupa furaha. Kisichokupa, ukishukuru kwanza, kisha ukiage. Nilijaribu. Kwa nguo zangu za chuo swali lilifanya kazi vizuri sana: blauzi tano zilikwenda, viatu vya kisigino vilivyonichubua kwenye mahafali vilikwenda, madaftari ya kidato cha nne yakawa ya kufungia karanga kwa jirani. Nilipofika jikoni swali likakwama. Je, ndoo inanipa furaha? Kikaratasi cha vidonge vya presha? Mbuzi ya kukunia nazi, iliyonikata kidole mara mbili, nikiishika mkononi nasikia nini? Sisemi hivyo kwa kumkejeli mama wa watu. Mwaka 2023, baada ya kupata mtoto wa tatu, Kondo mwenyewe alikiri kwamba nyumba yake haikuwa nadhifu tena kama zamani, na kwamba ameamua kuuweka muda wake kwenye mambo mengine. Nilipoisoma habari ile nilicheka peke yangu uani, mapovu ya sabuni yamefika viwikoni. Nilimpenda zaidi siku ile kuliko nilipokuwa nafuata kanuni zake.

Kosa, nadhani, liko kwenye swali lenyewe. Kuuliza kama kitu kinanipa furaha ni kudhani kwamba kati ya kitu na mimi hakuna mtu wa tatu. Mmarekani William James aliandika mwaka 1890 kwamba nafsi ya mtu, kwa upana wake, ni jumla ya vyote anavyoweza kuviita vyake: mwili, nguo, nyumba, wazee wake, marafiki, kazi ya mikono yake, hata akiba ya benki. Vikiongezeka anajiona mkubwa, vikipungua anajiona kanywea. Kama ni kweli, basi anayetaka kujigeuza na aanze kabatini, maana akipunguza vyake ameipunguza nafsi, akivibadilisha ameibadilisha. Ndiyo mantiki niliyokuwa naifuata bila kujua jina la mwenyewe.

Tatizo langu ni lile neno “vyake”. Kiswahili kina kitenzi cha kumiliki, lakini tazama kinavyotumika: hati za viwanja, mikataba, mahakamani. Nyumbani hakuna anayesema anamiliki kijiko. Tunasema “nina”. Na “nina” ukiipasua utakuta “ni” ya mimi na “na” ya pamoja: niko pamoja na. Nina kijiko, nina njaa, nina bibi, nina wadogo wawili, nina homa. Vyote viko nami, vingine nimevitaka na vingine vimenifuata. Sitaki kujenga falsafa nzima juu ya kiambishi, wenye sarufi watanicheka. Lakini naona neno hili linajua jambo ambalo mimi, siku ile ya mzani, sikulijua.

Siku ya kumi na mbili tangu niliuze sufuria, mtaani kwetu palitokea msiba. Kabla ya saa nne asubuhi wanawake watatu walikuwa mlangoni, mmoja amebeba kata ya kitambaa kichwani tayari, wamefuata sufuria. Bibi alikuwa barazani. Alinitazama, nami nikatazama kizingiti. Hakunigombeza mbele ya wageni. Aliwaambia wakaulize barabara ya 9, huko kuna jingine, akawaomba radhi kwa jina langu. Walipoondoka ndipo akasema, taratibu kama anayezungumzia hali ya hewa, “Lile halikuwa letu, mwanangu. Lilikuwa linalala hapa tu.”

Kumbe sufuria lile walilinunua wanawake wa mtaa kwa mchango, mama hajaolewa, likawekwa kwa bibi kwa sababu ua wake ni mpana na mlango wake haufungwi mapema. Pilau za harusi, ubwabwa wa maulidi, chai ya tangawizi ya matanga. Ule mkono ulikatika lilipokuwa linaepuliwa kwenye mafiga, siku ya arobaini ya babu. Hayo yote hayakuandikwa popote. Mimi niliona masizi.

Tangu hapo naona kwamba vitu vya nyumbani viko vya aina tatu, na kwamba vitabu vya kupanga nyumba vinazijua mbili. Kuna taka, kuna mali, na kuna amana. Taka inatupwa. Mali unaiuza au unaibakiza, upendavyo, maana ni yako. Amana inakaa mikononi mwako lakini madai yake yako kwingine: huitumii upendavyo wala huitupi upendavyo, na siku ikitakiwa unaitoa. Ukitazama kwa macho, amana inafanana kabisa na taka. Haitumiki, imekaa kona, ina vumbi. Kinachoitofautisha hakionekani kwenye kitu; kimo vichwani mwa watu. Ndiyo maana huwezi kupanga nyumba ya ukoo ukiwa umejifungia peke yako chumbani na muziki masikioni. Lazima uulize. Nilipoanza kuuliza, kazi ya siku mbili ikawa ya miezi miwili, kwani kila sanduku bibi analolifungua lina hadithi, na hadithi inataka chai, na chai inataka vyombo.

Sasa nipande ngazi moja, kwa sababu sikuanza haya yote kwa ajili ya sufuria. Je, mimi mwenyewe ni ipi kati ya hizo tatu? Nilipokuwa nasema “nataka kujiunda upya” nilijichukulia kama mali: nina haki ya kubomoa nijenge. Lakini jina langu alipewa kwanza mama yake bibi. Ada ya chuo ilitokana na shamba la michungwa la Muheza ambalo mjomba alikubali liuzwe, naye ana watoto wake. Hata namna ninavyopembua mchele, ungo ukiinuka kidogo upande wa kulia, si yangu. Shangazi alinishika mkono nikiwa na miaka saba. Nikiondoa nilichopewa, sijui atabaki nani wa kuundwa upya.

Najua hoja hii inavyotumika vibaya, na nisiposema nitakuwa mwongo. Wasichana wangapi wamefungiwa jikoni kwa jina la amana? “Wewe ndiye wa kutunza nyumba,” wanaambiwa, huku kaka zao wanaolala hadi saa tatu hawaambiwi wanatunza nini. Simone de Beauvoir aliandika mwaka 1949 kwamba ni kazi chache zinazofanana na adhabu ya Sisifo, yule wa kusukuma jiwe lisilokoma kuporomoka, kama kazi za nyumbani: safi inachafuka, chafu inasafishwa, kesho hivyo hivyo. Nakubali kila neno mikono yangu ikiwa majini. Amana ina kipimo chake, nacho ni rahisi: wote inaowahusu wanaibeba. Ikibebwa na mmoja, wengine wakila, hiyo ni utumwa uliotafutiwa jina zuri. Kwa hiyo sehemu kubwa ya upya wangu mwaka huu haikutoka kabatini. Ilikuwa kuwakalisha wadogo zangu kitako na kuwagawia zamu ya vyombo. Walinung'unika wiki tatu. Mdogo alivunja vikombe viwili, nadhani kwa makusudi. Sikuvinunua vingine. Alinywea chai yake kwenye bilauri ya plastiki hadi alipojifunza kusuuza.

Na yapo ya kutupa bila kumuuliza mtu. Unguja, utumwa ulipoondolewa kisheria mwaka 1897, wanawake waliokuwa watumwa waliacha kuvaa kaniki na merikani, vitambaa vilivyowatambulisha kama watu wa mtu, wakajifunga kanga za rangi na maua. Hao hawakutupa amana, maana hakuna aliyewakabidhi kaniki waitunze, walibandikwa. Miongoni mwa waliokulia wakati huo ni binti wa Fumba aliyeitwa Mtumwa, aliyekuwa akitembeza vyungu, na inasimuliwa kwamba sauti yake ya kunadi ilisikika mbali. Mwaka 1911 alihamia mjini. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, akiwa sasa ni Siti binti Saad. Wasifu wake aliuandika Shaaban Robert, mwenyeji wetu wa Tanga. Jina la Mtumwa alilitupa, na nani angemlaumu? Sauti ya kuuzia vyungu aliibeba hadi Bombay. “Binti Saad” pia aliibeba.

Naona hapo ndipo penye kazi yenyewe, na si kazi ya wikendi moja: kutambua kipi nilibandikwa na kipi nilikabidhiwa. Masizi hufanana. Uoga wangu wa kuzungumza mbele za watu, kwa mfano, nilidhani ni tabia ya ukoo. Bibi ameniambia hakuna mtu mwoga kwetu, huo niliutoa shuleni. Basi huo nautupa. Ukaidi, anasema, ni wa babu, huo niutunze.

Cheti bado kiko kwenye bahasha. Miaka 25 ilifika siku ya Jumanne, nikiwa foleni ya maji. Sufuria jipya nililinunua kwa kulipa mara tatu, kwa hela ya vitumbua ninavyouza asubuhi, na bei yake ni zaidi ya mara sita ya ile niliyopewa kwenye mzani. Linalala uani, nyuma ya pipa, na Ijumaa iliyopita walikuja kulichukua kwa ajili ya harusi ya barabara ya 12. Limerudi na alama ya kwanza ya masizi, ubavuni, ukubwa wa kiganja.