Haki ya Ng'ombe Mkongwe

Katika ziara moja wilayani Muleba, baada ya darasa la jioni, mama mmoja mtu mzima aliniuliza swali ambalo sikulitegemea. Alisema:

"Mwalimu, ninaye ng'ombe mkongwe. Marehemu mume wangu alimnunua mnadani, na hapana ajuaye alizaliwa wapi wala mama yake alikuwa ng'ombe wa namna gani. Amenizalia mara nne. Madume watatu tumewauza, na jike mmoja alikufa kwa ndigana. Sasa wanangu hawapatani. Mmoja ataka tumpandishe mara moja tena, pengine tutapata mtamba wa kubaki nyumbani na maziwa ya wajukuu. Mwingine asema ni dhambi kumbebesha mimba mnyama aliyechoka, tena asiyejulikana asili yake. Je, dini yasemaje?"

Sikumjibu usiku ule. Nilimwambia kwamba hukumu juu ya kiumbe asiyeonekana ni hukumu ya upofu. Kesho twende tukamtazame, na Bwana Mifugo tumwombe afuatane nasi.

Asiyeijua nchi hii huenda akaliona swali hili dogo. Lakini wenyeji wa Bukoba na Muleba wanajua kwamba kibanja hakisimami bila samadi. Tangu zamani ng'ombe walichungwa rweya, wakarudi jioni na rutuba ya nyika tumboni mwao, na rutuba hiyo ndiyo iliyolisha migomba na mibuni. Sotoka ilipoangamiza mifugo mwishoni mwa karne ya 19, zaidi ya maziwa yaliyokosekana, vibanja navyo vilidhoofika. Kwa hiyo anayeuliza habari ya ng'ombe wake wa mwisho anauliza pia habari ya ndizi za wajukuu wake.

Na tuanze na jambo la nasaba. Wafugaji wa farasi ndio waliolishika mno jambo hili. Waarabu walihifadhi vifuani mwao majina ya mama na bibi za majike wao. Waingereza walianza kuchapisha kitabu cha nasaba za farasi wao wa mbio mwaka 1791. Huku kwetu farasi hakustawi katika sehemu nyingi kwa sababu ya maradhi yanayoenezwa na mbung'o, lakini swali la mwenye farasi jike na swali la mama yule ni moja: je, tuzalishe tusichokijua asili yake?

Wenye kuhofu wanayo hoja. Kasoro za mwili hurithiwa, na ubaya mwingine hujificha kwa mzazi ukajitokeza kwa mtoto. Lakini tuwaulize hao wenye vitabu: mmoja wa madume watatu ambao farasi wote wa kizazi cha Thoroughbred hurejeshwa kwao kwa upande wa baba ni yule aitwaye Godolphin Arabian, aliyezaliwa yapata mwaka 1724. Alipitia Ufaransa kabla ya kufika Uingereza, na asili yake haijulikani kwa hakika mpaka leo. Wazao wake ndio waliomshuhudia.

Basi na ng'ombe wa Muleba anao mashahidi. Amezaa mara nne: je, alizaa kwa urahisi? Alikuwa na maziwa? Ana miguu mizima na tabia ya upole? Majibu ya maswali haya yanatueleza mengi kuliko jina la mama yake. Tena mara nyingi hatari iliyo kubwa kijijini inatoka upande wa dume, kwa kuwa dume mmoja huwapanda majike wa kijiji kizima, hata akampanda binti yake mwenyewe. Ng'ombe aliyetoka mbali huenda hana udugu naye hata kidogo. Na katika mkoa huu wageni wa namna hiyo si wachache. Katika vita vya 1978 na 1979 majeshi ya Amin yalipora mifugo mingi kaskazini ya mto Kagera, na watu walianza upya kwa ng'ombe waliowapata popote.

Hapo kijana mmoja, aliyeingia Uislamu karibuni, alicheka akasema: "Mwalimu, basi nami ni kama huyu ng'ombe, sina babu katika dini." Nilimwambia mfano huo auache. Katika mnyama twatafuta nasaba kwa sababu twataka kujua mwili wake utazaa nini. Mwanadamu hapimwi hivyo. Kurani Tukufu imeuweka utukufu wake katika ucha Mungu peke yake. Imepokewa kwamba Salman, Mwajemi, alipoulizwa nasaba yake alijitaja kuwa ni mwana wa Uislamu.

Tuje kwenye umri, na hapa ndipo penye uzito. Asubuhi ile Bwana Mifugo alimfungua ng'ombe kinywa, akatuonyesha meno ya mbele yaliyochakaa. Akatuhesabia pete za pembeni mwake, ambazo hukadiria idadi ya uzazi. Akaweka mkono juu ya mbavu zake, nazo zilihesabika bila taabu. Alitueleza kwamba mimba ya ng'ombe huchukua miezi tisa, na katika miezi mitatu ya mwisho ndama hukua kwa kasi na kumlazimu mama ale zaidi. Mwenye meno mabovu hawezi. Ng'ombe mzee huelekea zaidi kupata homa ya maziwa anapozaa, kwa upungufu wa madini ya chokaa, akaanguka asiinuke. Na akipandwa na dume wa kizazi kikubwa cha kigeni, au akihimilishwa kwa mbegu zake, ndama aweza kuwa mkubwa kuliko njia.

Je, umri peke yake wamharamisha? Hapana. Mkongwe mwenye siha na malisho aweza kuzaa salama. Lakini haifai sisi tuchukue faida naye peke yake achukue hatari. Mtukufu Mtume s.a.w. aliingia katika bustani ya mtu wa Madina, akamkuta ngamia aliyetokwa na machozi. Akampangusa nyuma ya masikio mpaka akatulia, kisha akamwita mwenyewe na kumwonya amche Mungu, kwa kuwa mnyama alishtaki njaa na kazi nyingi. Mwenye kumiliki mnyama ana haki ya kumtumia. Ngamia yule naye alikuwa na haki ya kushtaki, na shtaka lake lilisikilizwa.

Lipo jambo la tatu ambalo wana wale wawili hawakulitaja. Ndama akizaliwa na kuuzwa, au akitolewa kwa jirani katika mpango wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe, ni lazima mpokeaji aambiwe: mama yake alikuwa mkongwe, na asili yake hatuijui. Mtume s.a.w. alitia mkono katika rundo la nafaka sokoni akakuta chini mmelowa, akamkemea muuzaji aliyeficha unyevu chini ya nafaka kavu. Kutojua nasaba si kosa la mtu. Kuificha hali hiyo kwa mnunuzi ni hiana.

Nikamgeukia yule mwana aliyetaka kumhurumia ng'ombe, nikamwuliza: "Asipopandishwa, nani atamkatia majani?" Akanyamaza. Huruma ya kumwacha mnyama afe njaa zizini haina thawabu. Kumchinja kwa utaratibu ni halali. Kumfuga ni halali. Kumsahau hakuna aliyekuhalalishia.

Mama yule aliamua mwenyewe. Mwaka huu hatampandisha. Wanawe watamlisha majani yaliyokatwakatwa na maganda ya ndizi, naye ataendelea kutoa samadi kibanjani. Akinenepa kabla ya mvua za vuli, Bwana Mifugo atamtazama tena, na akipandishwa itakuwa kwa dume mdogo wa kienyeji. Asiponenepa, hatazaa tena. Kuhusu mtamba, ataomba kwa jirani na kulipa kwa ndama. Maziwa ya wajukuu yatakosekana kwa muda, na mama huyo hakulificha hilo. Alisema tu: "Amelisha kibanja changu miaka mingi. Nami nimlishe mwaka mmoja."

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa waaminifu kwa viumbe visivyoweza kutudai kwa ulimi. Amin.