Juzi Ulisema Nini Vile?

Sisi wa Mkula siasa tuliizoea kwa vumbi. Kabla barabara ya Kidatu hadi Ifakara haijaanza kutiwa lami, msafara wa mkubwa ulijulikana kabla haujatokea: wingu linapanda upande wa Kidatu, mama wa vitumbua anafunika beseni, watoto wanakimbilia barabarani. Mkubwa akishapita, tunabaki kujipangusa na kubishana alikuwa nani.

Mbunge wa Ulanga akitoka Morogoro njia yake ilikuwa hii: Mikumi, Kidatu, hapa kwetu, Ifakara, halafu pantoni ya Mto Kilombero, ndipo aione Mahenge. Celina Kombani alikuwa mbunge wa Ulanga Mashariki tangu 2005 hadi alipofariki. Katika miaka hiyo kumi alishika uwaziri wa TAMISEMI, yaani tawala za mikoa na serikali za mitaa, wa Katiba na Sheria, kisha wa Utumishi wa Umma. Pantoni haikujua uwaziri. Ikiwa ng'ambo, uliisubiri pamoja na magunia ya mpunga na wauza kambale.

Mimi lakini namkumbuka kwa Desemba moja. Mwaka 2010, akiwa ndiyo kwanza amekabidhiwa Katiba na Sheria, madai ya katiba mpya yakiwa yamepamba moto, alisema serikali haina fedha za kuiandika. Magazeti yakamshukia. Tarehe 31 ya mwezi huohuo, Rais Kikwete akalihutubia taifa: mchakato wa katiba mpya unaanza, tume itaundwa. Mwaka uliofuata aliyesimama na muswada wa mabadiliko ya katiba ni Kombani yuleyule. Wa kwanza ulikuja kwa Kiingereza, ukapigiwa kelele, ukaondolewa. Ukarudi kwa Kiswahili, ukapitishwa Novemba 2011.

Nilicheka wakati ule. Wengi tulicheka.

Kicheko changu kilikatika baadaye, nikiwa katibu wa kikundi cha wamwagiliaji wa mpunga. Nilisimama mkutanoni nikasema fedha ya kukarabati banio hakuna, tuonane mwakani. Niliagizwa niseme hivyo, ila ule ukali wa sauti niliuongeza mwenyewe. Wiki ya tatu nikasimama chini ya mwembe uleule, nikisoma barua: ukarabati unaanza Jumatatu, kila mwenye jaruba aje na jembe. Mzee mmoja, kofia ameiweka gotini, akaniuliza taratibu, "Katibu, mwanangu, juzi ulisema nini vile?"

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Nilikuwa na jibu mdomoni, la kwamba nilitumwa. Likakwama. Nikasema, "Nilisema hakuna, mzee. Leo ipo." Akatikisa kichwa kukubali, akauliza kazi inaanza saa ngapi.

Tangu siku hiyo ile Desemba naitazama kwa jicho jingine. Simsafishi waziri. Mwananchi akidai katiba, kumjibu kwa hesabu ya fedha ni kumwambia hana anachodai, na waziri si tarishi. Iwe aliamini au alitumwa, neno lilitoka kinywani mwake. Lakini kurudi mbele ya watu walewale waliokusikia ukikataa, ukiwa umebeba kile ulichokikataa, ni kazi inayotoa jasho. Nimeifanya mbele ya watu arobaini tu, na bado nikipita chini ya ule mwembe naongeza mwendo.

Katiba yenyewe haikupatikana. Kura ya maoni iliyopangwa 30 Aprili 2015 haikupigwa, na ile ya 1977 ndiyo tunayoitumia. Kombani alifariki India, alikokuwa akitibiwa, 24 Septemba mwaka huohuo, akiwa mgombea tena kwa tiketi ya CCM. Ulanga wakapiga kura ya rais tarehe 25 Oktoba. Ya ubunge ikaahirishwa, wakaisubiri kama walivyozoea kuisubiri pantoni.

Daraja la Mto Kilombero lilizinduliwa Mei 2018, likapewa jina la Magufuli. Lina mita 384. Karibuni nilivuka kwenda Mahenge msibani, nikajiandaa kuutazama mto vizuri, nimwonyeshe mjukuu pale tulipokuwa tukipanga foleni kutwa nzima. Konda alikuwa bado anatafuta chenji yangu, tukawa tumeshafika Ulanga.