Samaki Aliyedhaniwa Ametoweka



Nikiwa likizo, mama alinituma Feri, pale Kivukoni, nikanunue samaki. Asubuhi mapema, mnada umechangamka, nikasikia naitwa kutoka upande wa wapaa samaki: "Fra! Fra!" Kugeuka, ni rafiki yangu tuliyetumikia naye altareni tukiwa wadogo. Miaka mitatu sijamwona parokiani. Nakiri kwenu: nilishamfuta. Hata kwenye sala zangu jina lake lilishatoka. Nilisema imani yake imekufa, basi.

Hapo nikamkumbuka samaki mwingine, anaitwa silikanti. Wanasayansi walimjua kwa mabaki yaliyogeuka mawe tu, wakaamini alitoweka pamoja na dinosaria, zaidi ya miaka milioni 65 iliyopita. Kisha Desemba 1938, huko East London, Afrika Kusini, Marjorie Courtenay-Latimer wa makumbusho ya mji ule akamkuta mmoja kwenye rundo la samaki waliotoka kuvuliwa. Dunia ikashangaa. Lakini wavuvi wa Komoro hawakushangaa sana. Wao walikuwa wakimnasa mara mojamoja, na jina walishampa: gombessa. Hata kwetu ameonekana tangu 2003, hasa Tanga, na sasa kuna hifadhi ya bahari kule yenye jina lake.

Tena katika mti wa uhai, silikanti ni ndugu wa karibu zaidi kwako wewe kuliko kwa jodari anayeuzwa Feri! Mapezi yake yana nyama na mifupa ndani, kama mwanzo wa mkono.

Kwenye falsafa tulifundishwa kwamba kutoonekana si kutokuwepo. Mtihani ule nilifaulu. Maisha yalipoulizia swali lilelile, nikafeli.

Maana rafiki yangu aliniambia hivi, kisu mkononi: "Fra, wote mnasema nimeacha Kanisa. Nani alikuja hapa kuniuliza? Jumapili nipo kazini tangu alfajiri. Nikimaliza napita pale Mtakatifu Yosefu, nakaa kiti cha nyuma kabisa dakika tano, kwa sababu nanuka samaki. Halafu naenda zangu."

Jamani, niliishiwa maneno. Wavuvi walimjua gombessa kwa sababu walikuwa wanashuka baharini. Mimi nilikuwa nahesabu waliopo kwenye mabenchi.

Nikataka nimwambie palepale: Jumapili hii uje, uungame, urudi kwenye utumishi. Nikajizuia. Silikanti wengi wa Tanga walinaswa na majarife, zile nyavu za kutega papa. Ukimvuta ghafla kutoka kilindini hadi juu, haishi muda mrefu. Tunaweza kumpata mtu na bado tukamuua kwa namna tunavyomvuta. Basi nikageuza ndoo, nikakaa, nikamsikiliza mpaka samaki wa mama wakaisha kupaliwa. Misa na kitubio tutavizungumza, maana anavihitaji kama mimi. Ila kwanza nimwombe msamaha. Nilimwomba.

Yesu hakumwita Petro kutoka ufukweni tu. Aliingia kwenye mtumbwi wake, akamwambia waende kilindini (Lk 5). Na yule baba wa mwana mpotevu alimwona mwanae angali mbali (Lk 15). Huwezi kumwona mtu angali mbali kama uliacha kutazama njia.

Kijana mwenzangu, nani umemwandika kwamba ametoweka? Mtafute wiki hii. Usimtumie ujumbe wa kumlaumu; nenda aliko. Na kama wewe ndiye unayekaa kiti cha nyuma dakika tano, ukidhani hakuna anayekujua: Mungu anajua jina lako, na kilindi chako anakifahamu.

Tuombe: Ee Bwana, utusamehe haraka yetu ya kuzika walio hai. Utufundishe kushuka, kusikiliza na kungoja. Amina.