Ahadi za Kidato cha Sita

Mtihani wa kidato cha sita Tanzania Bara humalizika Mei, na vyuo vikuu hufunguliwa Oktoba au Novemba. Kati ya hapo kuna miezi ambayo kijana si wa shule tena na bado hajawa wa chuo. Wengine huitwa Jeshi la Kujenga Taifa kwa mafunzo ya mujibu wa sheria, yale yaliyositishwa 1994 na kurejeshwa 2013. Wengine hubaki nyumbani wakingoja matokeo, kisha dirisha la udahili, kisha majina ya waliopata mkopo. Katika miezi hiyo mapenzi yaliyoanzia shuleni hutakiwa ghafla yajitambulishe, na ahadi nzito hutoka: nitakusubiri, sitakuwa na mwingine, tukimaliza chuo tunaoana. Nasaha zangu zinahusu ahadi hizo. Siwakatazi vijana kupendana, wala siamini kwamba umbali peke yake huua penzi. Ninachoshikilia ni kwamba adabu ya anayependa akiwa mbali huanza kwa kuahidi kile tu kilicho katika uwezo wake, na kwa mtu wa miaka kumi na tisa hicho ni kidogo kuliko anavyodhani.

Tazama ni mangapi hayamo mikononi mwake. Wawili waliopanga kusoma pamoja Dar es Salaam wanaweza kujikuta mmoja yuko Muhimbili na mwenzake yuko Mbeya, zaidi ya kilomita 800 kati yao, kwa sababu ya alama tu, au nafasi, au mkopo. Treni ya SGR imefupisha safari ya Dar es Salaam na Dodoma tangu 2024, na hiyo ni faraja kwa wenye mwenza Dodoma. Mbeya haimo njiani mwake. Hata muda wa masomo haulingani. Shahada nyingi ni za miaka mitatu, uhandisi na sheria huchukua minne, udaktari mitano, na baada yake mwaka mzima wa mafunzo kazini. Msichana anayeingia udaktari akiambiwa "tukimaliza tunaoana" anaahidiwa jambo la miaka sita na mtu ambaye bado hajui atalala wapi muhula ujao. Katika miaka hiyo wote wawili watabadilika: watapata marafiki wengine, pengine msimamo mwingine wa dini au siasa, na fani yenyewe itawabadilisha namna ya kufikiri. Wakibadilika hivyo hawajamsaliti mtu, maana ndicho walichopelekwa chuo kukitafuta.

Nitajibiwa kwamba watu wetu wamependana kwa mbali tangu zamani. Mabaharia wa pwani waliondoka kwa pepo za msimu, vijana wa bara wakaenda umanamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga, na wake zao wakawasubiri. Ni kweli, na ni hoja ya kuheshimiwa. Lakini angalia kilichowashikilia wale. Kulikuwa na ndoa, wazazi wa pande mbili, mashahidi, na mara nyingi watoto. Baharia alijulikana atarudi kwa upepo gani. Na pamoja na hayo yote, wapo walioondoka wasirudi, na wanawake waliozeeka wakiwangoja. Ikiwa kifungo chenye mashahidi kilikuwa kizito kiasi hicho kwa watu wazima, sioni kwa nini tumbebeshe kijana kifungo hichohicho bila shahidi hata mmoja, kwa ujumbe wa simu wa saa sita usiku.

Hoja inayouma zaidi ni ile ya wapenzi wenyewe: asiyeahidi hapendi. Naielewa. Anayeondoka anataka kuacha kitu, na anayebaki anataka kushika kitu. Lakini ahadi ni deni, na mdai katika deni hili ni mtu unayempenda. Kwa ajili ya neno lako atakataa urafiki wa watu wema, atajifungia bwenini wikendi nzima akingoja simu, atachagua hata chuo kisichomfaa ili awe karibu nawe. Kijana anayesema, "Nakupenda, sijui mwaka kesho utakuwaje, lakini moyo wangu ukibadilika utasikia kwangu kabla ya kusikia kwa watu," ameahidi jambo dogo analoweza kulitimiza kwa uaminifu kila siku. Mimi namhesabu kuwa amependa kuliko yule aliyeapa.

Ahadi iliyozidi kimo ndiyo inayozaa ulinzi wa simu, na hapa ndipo naona vijana wengi wakiumizana. Anayejua ndani yake kwamba anachodai hakina dhamana huanza kukagua: kwa nini ulikuwa hewani na hukujibu, yule ni nani kwenye picha, washa kamera nione chumba, nipe nywila yako. Wanasema ni wivu wa mapenzi. Mimi nasema ni ukosefu wa adabu, na ungebaki hivyo hata kama mpelelezi angekuwa mume halali. Wiki za kwanza za chuo ni ngumu: mgeni anatafuta chumba, anajisajili, anahitaji kikundi cha kujisomea, na kikundi hicho kitakuwa na wavulana na wasichana. Anayemtaka ajitenge na wenzake anamwibia masomo. Mkubaliane mtazungumza lini na kwa muda gani. Ujumbe usiojibiwa mtu akiwa darasani usigeuzwe kesi. Na nywila ya mtu isiulizwe kabisa.

Na fedha. Pesa ya kujikimu, ile wanafunzi wanayoiita boom, ni mkopo wa kula na kulala, na atakayekuja kuulipa ni yeye mwenyewe aliyeukopa. Kijana asiikate ili kuthibitisha mapenzi kwa vocha na nauli, wala msichana asiombe nauli ya safari asiyokusudia kuifanya. Anayetuma atume kile ambacho hatakidai wakiachana. Zawadi inayokuja kuhesabiwa siku ya ugomvi haikuwa zawadi.

Juu ya picha za faragha sitarefusha. Usitume, na zaidi ya hapo usiombe, kwa kuwa kuomba kunampa anayekupenda chaguo baya: akuudhi au ajihatarishe. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamwadhibu anayesambaza picha za ngono, lakini hukumu ya mahakama hairudishi picha iliyokwisha kuzunguka.

Kuna umbali mwingine usiozungumzwa sana: mvulana yuko chuo, mpenzi wake bado yuko kidato cha tano. Likizo inafika na anarudi nyumbani akiwa mtu mzima mwenye simu nzuri. Hapa sibembelezi. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016 yanaweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi wa shule. Tangu 2021 msichana aliyejifungua anaruhusiwa kurudi darasani, na hilo ni jema sana, ila halimaanishi kwamba miaka yake ilikuwa ya kuchezewa. Anayempenda aliye bado shuleni amwache asome.

Wazazi wengine watauliza kwa nini nisiseme tu, "Acheni." Nasaha tulizorithi, kama utendi ambao Mwana Kupona alimtungia binti yake mwaka 1858, zinazungumzia ndoa; kwa mapenzi ya kabla yake wengi wetu tumebaki na katazo tu. Katazo lina mahali pake, na kwa aliye shuleni nimelitumia. Lakini kijana wa miaka kumi na tisa aliyepanda basi kwenda chuo hatazuiwa na neno lililobaki nyumbani. Akikatazwa tu, atapenda kwa siri, na siku akidanganywa au akitishwa kwa picha hatakuwa na mtu mzima wa kumwendea.

Mapenzi mengi ya namna hii yataisha, pengine kabla ya likizo ya kwanza, na kuachana nako kuna adabu yake. Usimpotezee mtu mpaka akisie mwenyewe kwamba ameachwa. Usimfungie namba bila neno. Usimtupie mafumbo kwenye status wanayosoma jamaa zake. Mpigie, asikie sauti yako, mweleze sababu bila kubuni kosa lake. Usifanye hivyo katika wiki yake ya mitihani, kama moyo wako unaweza kusubiri siku chache. Futa ulichonacho chake, na siri alizokuambia mlipokuwa pamoja ziendelee kuwa siri, hata akianza kukusema vibaya.